Maswali ya Karakana: Chuma, Jina Lake na Anayekuuzia

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa mafundi wanaofanya kazi ya chuma kwa kujifurahisha, si kwa kutafuta riziki, na karibu zote zinamgusa muuzaji mdogo anayewakatia vipande, anayewatafutia tapu (vifaa vya kukatia hesi, yaani mizunguko ya skrubu, ndani ya tundu) za saizi adimu au anayewauzia vipande vilivyosubiwa, yaani vilivyomiminwa katika kalibu, vya kuundia modeli. Barua ndefu tumezifupisha, lakini maana yake hatukuigusa.

Swali: Ndugu Mhariri, kila ninapoagiza kipande kifupi cha chuma cha mviringo kwa muuzaji mdogo, naona bei yake kwa kilo inazidi mara kadhaa bei ya muuzaji wa jumla, achilia mbali bei ya vyuma chakavu. Je, huu si ulanguzi? Kuna ubaya gani nikitumia nondo na ekseli kuukuu?

Jibu: Ndugu msomaji, hesabu ya kilo inamfaa muuzaji wa jumla, kwa sababu yeye huuza fito nzima za mita 3 au 6, tena kwa mafungu, na msumeno wake haushughuliki na mtu anayetaka milimita 150. Muuzaji mdogo hununua ufito huohuo, akaukata vipande kumi na tisa au ishirini, kila pito la msumeno likala milimita moja au mbili, na masalio yasiyo na mnunuzi yakabaki rafuni kwa miezi. Gharama hizo peke yake zinatosha kupandisha bei, ingawa kwa maoni yangu si hizo unazolipia hasa. Unalipia kujua ni chuma gani ulichopewa.

Vipande viwili vinavyong'aa sawasawa, vyenye kipenyo kimoja na uzito mmoja, vinaweza kuwa na tabia zisizofanana hata kidogo. Chuma kinachotengenezwa kwa ajili ya kukerezwa kwa wepesi, yaani kuchongwa kwa kisu huku kikizungushwa na mashine, huongezewa salfa, na aina nyingine huongezewa risasi. Ile inayojulikana kwa namba 12L14, kwa mfano, huwa na risasi asilimia 0.15 hadi 0.35. Viungo hivyo hufanya chenga zikatike fupifupi badala ya kujikunja nyuzi ndefu, na uso wa kazi hutoka laini hata kwenye mashine ndogo isiyo na nguvu nyingi. Lakini ukikichomelea chuma hicho, salfa ileile iliyokusaidia kwenye mashine ya kukereza huleta nyufa katika mchomeleo. Muuzaji mzuri atakuuliza unataka kukifanyia nini kabla ya kukukatia, na swali hilo lina thamani kuliko punguzo la bei.

Sasa nondo. Kiwanda huitengeneza ili itimize kiwango fulani cha nguvu ya kuvutwa, na urahisi wa kukerezwa haumo katika masharti yake. Kwa kuwa nyingi hutokana na chuma kilichoyeyushwa upya, utakuta sehemu moja inakatika vizuri na sentimita chache mbele kisu kinagonga mahali pagumu. Kwa ndoano, koleo la jiko, miguu ya benchi au mapambo yanayofuliwa motoni, nondo inafaa sana. Kwa mhimili wa injini ndogo, haifai. Ekseli nyingi huwa na kaboni ya wastani, na mara nyingi uso wake umegumishwa, kwa hiyo ni mali nzuri kwa anayefua nyundo. Springi za gari nazo zinatoa patasi na visu vya kudumu.

Ukitaka kupunguza kubahatisha, iguse chakavu yako kwenye jiwe la mashine ya kunolea, huku umevaa miwani ya kukinga macho, ukitazama cheche zake pembeni ya kipande cha chuma unachokijua. Chuma laini hutoa miale mirefu isiyochanua sana. Feleji yenye kaboni nyingi hutoa miale inayopasuka nyotanyota karibu kabisa na jiwe. Chuma cha kusubu hutoa cheche fupi, nyekundu na zilizofifia. Alumini haitoi cheche, wala usiiguse jiweni kabisa, kwa maana huziba matundu ya jiwe, na jiwe lililozibwa hupata joto na linaweza kupasuka. Jaribio hili hukwambia familia ya chuma. Jina lake kamili halitakwambia. Tena kitu chochote kilichopakwa zinki usikitie motoni wala usikichomelee kabla ya kuondoa zinki yote, kwani zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chini sana ya joto la kuchomelea, na moshi wake huleta homa.

Swali: Fundi, shikamoo. Nilinunua ufito wa feleji ya vifaa (chuma cha kutengenezea zana) wenye kipenyo cha milimita 6 ili nitengeneze kalamu za chuma za kuchorea mistari kwenye kazi. Ya kwanza ilipasuka nilipoichovya majini. Ya pili haikupasuka, lakini tupa inaila kama chuma cha kawaida. Nadhani nimeuziwa chuma kisicho chenyewe.

Jibu: Marahaba. Kabla ya kumwandikia muuzaji barua kali, tazama ushahidi ulio nao mkononi: chuma laini hakipasuki kikichovywa majini. Kupasuka kwa kalamu ya kwanza kunaonyesha kwamba feleji uliyopewa ni ya kaboni nyingi kama ulivyoagiza, na kwa kuwa zote mbili zimetoka kwenye ufito mmoja, kosa linatafutwa kwenye moto.

Feleji ya namna hii ina kaboni karibu asilimia 1, na hugumishwa ikifika kati ya nyuzi 770 na 790. Kwa macho hiyo ni rangi nyekundu ya cheri, lakini rangi hiyo ionekane kivulini. Fundi anayefanya kazi juani huiona feleji kama haijaiva, akaendelea kuipasha hadi ikapita kiasi, chembe zake zikakua, na maji yakaipasua. Nadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kalamu yako ya kwanza. Iangalie pale ilipovunjika. Ukiona chembe kubwa zinazometameta kama sukari, joto lilizidi. Ukiona kijivu kilichofifia na laini, joto lilikuwa sawa na sababu ni nyingine, pengine mfuo mkali ulioukata kwa kisu chenye ncha ya pembe, kwani nyufa hupenda kuanzia kwenye kona kali.

Kalamu ya pili ama haikufika joto, ama ilikaa motoni muda mrefu hadi kaboni ya juujuu ikateketea. Hayo mawili unaweza kuyatofautisha kwa dakika moja: isugue tupa mahali palepale mara kadhaa, na ikiwa baada ya utando wa juu tupa inaanza kuteleza bila kula, ndani ni ngumu na kilichopotea ni ngozi tu.

Utakaporudia, weka sumaku karibu. Feleji inapopanda joto hufika mahali inapoacha kuvutwa na sumaku, kati ya nyuzi 730 na 770 hivi. Ikifika hapo, ipashe kidogo zaidi, iache joto lienee sawasawa, kisha izamishe wima, ncha ikitangulia, na uikoroge majini bila kuilaza. Ikilala, upande mmoja hupoa kabla ya mwingine na kalamu hupinda. Ikishapoa iguse kwa tupa kuukuu. Tupa ikiteleza, umefaulu, lakini kazi haijaisha, kwa kuwa feleji iliyo katika hali hiyo ikianguka sakafuni huvunjika.

Isugue kwa msasa hadi ing'ae, kisha ipashe polepole kuanzia nyuma, mbali na ncha, kwa mwali mdogo. Utaona rangi zikitembea kuelekea nchani: kwanza manjano hafifu karibu na nyuzi 230, kisha kahawia, kisha zambarau karibu na 275, na buluu karibu na 300. Kwa kalamu ya kuchorea, manjano hafifu ikifika nchani ichovye papo hapo. Patasi ya kukatia chuma huachwa ifike zambarau, na bisibisi au springi ifike buluu.

Swali: Ninapokereza alumini, vipande vyake vinaganda kwenye ncha ya kisu na kazi inatoka imechanikachanika. Nifanyeje?

Jibu: Nyunyiza mafuta ya taa kidogo, mbali na moto wowote, nao kisu kiwe kikali na mgongo wake wa juu uwe umesuguliwa hadi ung'ae. Uliza pia ulinunua alumini gani. Ile laini iliyo karibu kuwa safi hugandana hata ufanye nini, ilhali aina ya 6082 au 6061 iliyogumishwa hukatika vizuri.

Swali: Nimenunua seti ya vipande vilivyosubiwa vya kuundia injini ndogo ya mvuke. Nilipoweka gurudumu kwenye mashine, kisu kilipoteza makali kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza. Je, nimeuziwa chuma kibovu?

Jibu: Si lazima. Biashara ya seti hizi ni ya zamani. Kampuni ya Stuart Turner ya Henley-on-Thames, Uingereza, ilijipatia jina kwayo mwanzoni mwa karne ya 20, na injini yake ndogo iitwayo 10V, yenye silinda ya kipenyo cha robo tatu ya inchi na mwendo wa pistoni wa kipimo hichohicho, imewafundisha watu wengi kukereza. Tangu siku hizo malalamiko ya mwanafunzi ni haya uliyoyaleta, na mara nyingi chanzo chake ni kukwaruza ngozi ya kipande badala ya kupita chini yake.

Chuma cha kusubu kilichopoa ndani ya kalibu ya mchanga huwa na ngozi ngumu iliyochanganyika na chembe za mchanga. Ukikata kidogokidogo kwa woga, sehemu ya kumi ya milimita kwa mara moja, ncha ya kisu husafiri ndani ya ngozi hiyo muda wote na kuisha. Kwanza isugue kwa brashi ya waya na tupa kuukuu. Kisha punguza mwendo. Kwa kisu cha feleji ya kasi (feleji inayostahimili joto la kukata kwa kasi) chukua mita 18 kwa dakika. Zidisha kwa 318 na ugawanye kwa kipenyo cha kazi kwa milimita, nawe utapata mizunguko kwa dakika. Gurudumu la milimita 76 basi linataka mizunguko kama 75 tu, ilhali ufito wa chuma laini wa milimita 20, kwa mita 25 kwa dakika, unaruhusu karibu 400. Wengi huweka mwendo wa pili kwenye kazi ya kwanza, kisha wakamlaumu muuzaji. Halafu zama milimita moja na nusu kwa pito la kwanza ikiwa mashine yako inaweza, ili ncha ikate chuma safi kilicho chini ya ngozi. Kata pakavu, bila mafuta, kwa kuwa chuma hiki kina grafiti yake yenyewe, na mafuta yakichanganyika na unga wake hufanya tope linalosugua reli za mashine. Funika reli kwa karatasi.

Ikiwa hata hapo unakuta doa linalong'aa ambalo kisu hakiliingii, kwa kawaida kwenye ukingo mwembamba, hilo limepoa haraka mno na kuwa chuma cheupe. Kipashe kipande chote hadi kiwe chekundu, kisha kiache kipoe ndani ya majivu usiku kucha. Matundu ya hewa yanayojitokeza mahali ambapo pistoni itapita ni jambo jingine, na hilo unayo haki ya kulirudisha. Muuzaji anayejiheshimu hubadilisha kipande bila mabishano, alimradi umwandikie mapema na si baada ya seti kukaa kabatini mwaka mzima. Nakushauri uvikague vipande vyote na kuvipima dhidi ya mchoro siku mzigo unapofika.

Swali: Mchoro wa zamani ninaoufuata unataka skrubu za 2BA. Tapu zake sizipati kwa urahisi. Naweza kutumia M5?

Jibu: Mara nyingi unaweza, ila ubadilishe kila kitu pamoja. Hesi za BA zilipendekezwa mwaka 1884 na jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, British Association (ndiyo BA), kwa kufuata mfumo wa Uswisi, ndiyo maana vipimo vyake ni vya milimita ingawa vinaonekana katika michoro ya inchi. 2BA ina kipenyo cha milimita 4.7 na hatua (umbali kati ya mzunguko mmoja wa hesi na unaofuata) ya milimita 0.81, M5, ambayo ni hesi ya kawaida ya milimita, ina 5.0 na 0.8. Hata kichwa cha pembe sita kinakaribiana, milimita 8.2 kwa 8, hivyo sura ya modeli haiharibiki. Toboa kwa keekee ya milimita 4.2 kabla ya kupitisha tapu ya M5, na tundu la kupitishia skrubu liwe 5.3 au 5.5. Angalia tu nyama iliyobaki pembeni ya tundu, hasa kwenye kingo za silinda ndogo, na ikiwa haitoshi shuka hadi M4, yenye keekee ya 3.3.

Hatari iko kwa 0BA na M6. Zote mbili zina milimita 6 na hatua ya milimita 1, na nati ya moja huingia kwenye bolti ya nyingine mizunguko kadhaa kabla ya kukwama, kwa sababu pembe ya hesi ya BA ni nyuzi 47.5 na ya milimita ni 60. Ukiilazimisha kwa spana utaharibu zote mbili. Ziweke kwenye visanduku tofauti na uandike majina juu yake.

Tapu zenyewe, ikiwa mchoro una skrubu nyingi na unataka kuufuata kama ulivyo, wauzaji wadogo wa vifaa vya modeli bado wanazo. Nunua za feleji ya kasi, hata ikibidi ununue moja badala ya seti nzima, kwani tapu ya bei rahisi iliyokatikia ndani ya kipande ulichokikereza kwa wiki mbili huwa imekugharimu kipande.

Swali: Niliagiza chuma bapa kinachong'aa, kilichonyooka kabisa. Nilipochonga mfereji upande mmoja, kikapinda kama upinde. Muuzaji anasema si kosa lake.

Jibu: Anasema kweli. Chuma kinachong'aa kimevutwa kikiwa baridi kupitia tundu dogo kuliko chenyewe. Hivyo hupata vipimo sahihi sana, lakini uso wake hubaki na mvutano unaopingana na kiini. Kikiwa kizima, pande zote hushindana sawasawa na chuma hubaki kimenyooka. Ukiondoa uso wa upande mmoja, ule wa pili hushinda. Kwa kazi kama yako agiza chuma cheusi kilichobanwa kwa roli kikiwa cha moto, kinene zaidi kwa milimita mbili tatu, ukikate pande zote. Au kata mfereji nusu, kigeuze, ondoa kiasi kama hicho upande wa pili, kisha umalize.

Swali: Boila ya modeli yangu ni ya shaba nyekundu na nimeshakata sahani zote. Rafiki yangu ananiambia lehemu ya kawaida ya bati na risasi itatosha kwa kuwa shinikizo ni dogo, bar 5 tu. Wewe wasemaje?

Jibu: Nasema hapana. Mvuke wa bar 5 juu ya shinikizo la hewa una joto la karibu nyuzi 159, na lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye 183. Nafasi iliyobaki ni nyuzi 24, na lehemu huwa imekwisha kulegea kabla ya kuyeyuka. Maji yakishuka chini ya kiwango kwa muda mfupi tu, sahani iliyo juu ya moto itaivuka nafasi hiyo, na kiungo kitafunguka mbele ya uso wako.

Tumia lehemu ya fedha. Yenye fedha asilimia 55 huyeyuka kati ya nyuzi 630 na 660. Ni ghali, nami sitakwambia utafute ya rahisi, hasa vijiti vya zamani ambavyo havina maandishi. Nyingi za zamani zilikuwa na kadimiamu ili zitiririke vizuri, na kadimiamu huchemka kwenye nyuzi 767, joto ambalo mwali wa fundi hulipita bila yeye kujua. Moshi wake ni sumu inayoweza kuua. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza vijiti hivyo tangu Desemba 2011, lakini masalio bado yanazunguka kwenye masanduku ya vifaa vilivyotumika. Muulize muuzaji kwa maandishi kama vijiti vyake havina kadimiamu.

Boila ikishakamilika, ijaze maji hadi hewa yote itoke na uipime kwa pampu ya mkono hadi mara mbili ya shinikizo la kazi, yaani bar 10 kwako, mbele ya mtu mwenye uzoefu wa kazi hiyo. Hupimwa kwa maji na si kwa hewa kwa sababu maji hayabaniki; kiungo kikifunguka utaona tone, ilhali hewa iliyobanwa ingerusha vipande. Na ikiwa kuna chama cha waunda modeli unachoweza kukifikia, waonyeshe mchoro kabla hujawasha moto.

Swali: Mashine yangu ya kukereza ni ya zamani na aliyekuwa akituuzia vipuri vyake alistaafu. Gurudumu la mkono limevunjika. Nataka kutumia lililovunjika kama kiolezo, nisubu jingine la alumini nyumbani.

Jibu: Gundisha lililovunjika ulione umbo lake, lakini usilitumie kama lilivyo. Alumini ikipoa hunywea kwa asilimia 1.3 hivi, na gurudumu la milimita 150 litakutoka pungufu kwa milimita mbili. Juu ya hapo utakereza kitovu na ukingo, na hapo hakutabaki nyama. Tengeneza kiolezo kipya cha mbao. Kiwe kikubwa kwa kiasi hicho cha kunywea, uongeze milimita 2 au 3 kila mahali kisu kitakapopita, na kuta zake ziwe na mwinamo wa nyuzi 2 ili kitoke mchangani bila kubomoa kalibu. Kona za ndani zijaze kwa nta au gundi ya mbao ziwe za mviringo. Kipake vanishi na ukisugue hadi kiteleze.

Ukiwa na kiolezo kizuri, huenda usihitaji kusubu mwenyewe. Viwanda vidogo vya kusubu havipendi kazi ya kipande kimoja kwa sababu muda mwingi huliwa na maandalizi, lakini mtu anayefika na kiolezo kilicho tayari, chenye mwinamo sahihi na kisichong'ang'ania mchanga, huingizwa kwa urahisi kwenye siku ambayo chuma kinamiminwa kwa kazi nyingine. Muulize pia yule mzee aliyestaafu violezo vyake viko wapi. Mara nyingi vipo, vimefungwa kwenye boksi, na mwenyewe angefurahi kusikia kwamba kuna anayevihitaji. Kumpigia simu kutakuokolea kazi ya wiki nzima.

Ikiwa bado unataka kumimina nyumbani, alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na linalojeruhi watu ni maji kuliko moto. Tone moja la maji chini ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha juu. Pasha moto koleo, kijiko cha kuondolea uchafu na kila kipande unachoongeza chunguni hadi vikauke kabisa, na uimwagie juu ya kitanda cha mchanga mkavu, si juu ya saruji, ambayo ina unyevu ndani yake na hupasuka.

Swali: Nina msumeno wa mkanda na nafasi ya kutosha. Mafundi wenzangu wananiomba niwakatie vyuma. Nianze na nini nikitaka kuwa muuzaji mdogo?

Jibu: Anza na aina chache unazozijua vizuri: chuma cha kukereza kwa wepesi, chuma laini cha kuchomelea, shaba ya njano yenye risasi kama asilimia 3, alumini ya 6082, chuma cha kusubu cha mviringo, na fito za feleji ya vifaa. Wateja wa aina zenye risasi waambie wanawe mikono kabla ya kula na wasizitie motoni.

Weka jedwali la uzito mapema, maana usafirishaji ndio utakaokula faida yako: mita moja ya chuma chenye kipenyo cha milimita 25 ina kilo 3.85, ya shaba ya njano kama 4.2, na ya alumini 1.3 tu. Kata kipande kizidi urefu ulioagizwa kwa milimita moja au mbili. Kilichozidi mteja atakipunguza mwenyewe, kilichopungua atakurudishia. Ondoa makali ya msumeno kwa tupa, paka mafuta mepesi na ukifunge kwa karatasi iliyotiwa mafuta, kwani alama ya jasho la kidole inaweza kuwa kutu kabla mzigo haujafika.

Kila ufito unapoingia, upake rangi ya aina yake kwenye ncha moja siku hiyohiyo, na uandike jedwali la rangi ukutani. Halafu ukate kuanzia ncha isiyo na rangi, kila mara, hata unapokuwa na haraka, ili kipande cha mwisho kitakachobaki rafuni kiwe bado na alama yake. Wale uliowakatia, waandikie aina ya chuma juu ya kipande chenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa kuwa karatasi ya risiti itatupwa na kipande kitakaa kwenye sanduku la mteja kwa miaka.